Jagi Lililoondoka Tupu

Jumapili, 2 Machi

Nimefuta vumbi. Rafu ya juu kwanza, halafu ya kati, halafu vikombe. Kitambaa kikavu. Hakuna maji, hakuna sabuni. Georgette alisimama mlangoni na chai yake akasema hata watoto wetu hawakuogeshwa kwa uangalifu huu. Mke wangu ana maneno.

Vyote vipo. Sahani tatu za ukutani zenye samaki wa kuchorwa kwa ncha ya msumari. Bakuli la kijani ambalo halina mbele wala nyuma. Chombo cha maua chenye tundu katikati, ambacho mtu wa bima alikitazama mwaka jana akaniuliza kilivunjikaje. Vikombe sita, vyeusi nje, vya njano ndani, kimoja kina pengo mdomoni. Na katikati yao, jagi.

Jagi! Tangu Januari naliamkia kabla sijamwamkia mtu. Nililiona katika soko la vitu vya zamani pale Jeu de Balle, hapa Brussels, asubuhi ya mvua ya barafu, chini ya blanketi lililolowa, limelala na sufuria za alumini. Jeusi, mistari ya njano na samawati, shingo imeegemea upande. Nikaligeuza. Kitakoni limeandikwa kwa brashi "Portugal", na namba ya umbo inayofuata ile ya vikombe vyangu. Vikombe hivyo vimeishi kwangu miaka mingi bila mama yao.

Vyote vilitoka kiwanda kimoja cha Caldas, huko Ureno, miaka ya hamsini. Wenye kiwanda waliwaita wachoraji na wachongaji vijana, wakawapa udongo na tanuri, wakawaambia chezeni. Hilo ndilo ninalolipenda. Mimi natengeneza meno ya kaure wiki nzima katika maabara ya Ixelles. Meno hayaruhusiwi kucheza.

Jumatano, 5 Machi

Nimepitia mkahawa wa Dona Lurdes, jirani na uwanja wa Flagey. Yeye ndiye Mreno anayejua vyombo kuliko Wareno wote ninaowafahamu, na ndiye asiyeniamini hata kidogo. Anaandaa siku ya vyombo katika ukumbi wa parokia, Jumamosi tarehe 5 Aprili. Kila mtu na meza yake. Nitakuwa Mkongomani peke yangu.

Nikamwambia seti yangu imekamilika, vikombe na jagi. Akaacha kufuta kaunta. Akasema katika Brussels nzima hajapata kuona vikombe hivyo pamoja na jagi lake, hata kwa mama yake hakuona. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akavaa miwani. Akaniletea keki ya mayai bila mimi kuagiza.

Nimerudi nyumbani natembea kama mbunge.

Nimekumbuka Likasi, mji wa utoto wangu. Mreno mwenye duka la vitambaa alikuwa na bakuli la njano kwenye kaunta, limejaa peremende. Watoto wote tulikodolea macho peremende. Mimi nilitazama na bakuli pia. Baada ya peremende, tusidanganyane.

Jumamosi, 8 Machi

Charlotte amekuja. Dada yangu huyu akija bila kupiga simu ujue kuna kazi. Mahari ya binti yake Nadège italetwa Jumamosi ijayo, na italetwa hapa kwetu kwa sababu sebule yetu ni kubwa kuliko yake. Mchumba ni Patrick, mtoto wa Lubumbashi, anaishi Schaerbeek na mama yake, Maman Henriette. Mama huyo ni mjane. Sijamwona. Charlotte anasema ni mwanamke asiyecheka ovyo.

Mimi ndiye mjomba. Mimi ndiye nitakayesema. Nimeanza kufanya mazoezi bafuni.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumba inanuka samaki mkavu hadi kwenye ngazi. Jirani wa chini amepanda kuuliza kama kila kitu ni sawa. Georgette akampa mandazi. Akashuka akitafuna.

Ijumaa, 14 Machi

Georgette ameniamuru nihamishie vyombo vyangu vyote chumbani kabla ya wageni. Ana haki. Nakumbuka ubatizo wa mwisho, mjomba mmoja alizima sigara ndani ya bakuli la kijani. Nimehamisha sahani, vikombe, kila kitu. Vikombe nimevifunga kimoja kimoja katika soksi.

Jagi nimeliacha.

Nataka lionekane. Kesho itaandaliwa meza ya wakwe: katika ukoo wetu, waliokuja na mahari hawaondoki mikono mitupu. Tunawapangia vitu mezani, tunavifunika na kitenge, na mwisho wa maneno yote mjomba anafunua. Nimepanga jagi liwe katikati, kati ya sufuria za Charlotte. Kitenge kikifunuliwa, wakwe waone kwamba mjomba wa Nadège si mtu hivihivi.

Wazo zuri sana. Nimejipongeza.

Jumapili, 16 Machi

Mimi ni mjinga. Naandika hivyo kwanza, mengine yafuate.

Jana ilikuwa siku nzuri mno. Wakwe walifika kumi na wanne na wakala kama thelathini. Mahari ikapokelewa. Nadège aliulizwa mara tatu kama anamjua kijana yule, na mara ya tatu akajibu kwa sauti iliyomfanya Charlotte alie. Nilisema vizuri. Sikukwama popote. Nilitania, wakacheka, hata Maman Henriette alikaza midomo ili asicheke. Ni mwembamba, mrefu, ana macho ya mtu anayehesabu.

Halafu ikafika saa ya meza. Nikashika kitenge kwa mikono miwili. Nikasema maneno aliyosema baba yangu, na baba yake kabla yake: "Vyote munaona hapa vimetoka mu mikono yetu. Sasa ni vya kwenu." Nikafunua. Vigelegele. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi.

Jagi likang'aa katikati ya meza. Watu waliliona. Nilifurahi mno.

Wakaanza kubeba. Sufuria ya samaki, sufuria ya sombe ya majani ya muhogo, ndoo ya mandazi, vitambaa, chupa. Nikiwa naagana na mzee mmoja, nikamwona Maman Henriette anakuja mlangoni na jagi langu kwapani, amelizungushia leso yake ya kichwa. Nilifungua kinywa. Charlotte akanitazama, jicho moja tu. Nikafunga kinywa.

Na mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Nikasema aksanti.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetengeneza gego kubwa kuliko kinywa cha mwenyewe. Bosi akaniuliza kama ninaumwa. Ninaumwa.

Georgette amecheka mpaka amekaa chini jikoni. Kila akinyamaza ananiangalia, anaanza upya. "Ulimufungulia mlango, Flori! Ulimufungulia!"

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa Charlotte nikamwomba amweleze Maman Henriette, kistaarabu, kwamba kulikuwa na kosa dogo. Alikuwa anamsuka mteja, maana dada yangu ana saluni yake Matonge. Hakugeuka hata kichwa kumtazama kaka yake.

"Yaya, ulisema na kinywa yako, mbele ya bantu. Vyote. Haukusema vyote moins pichet."

Mteja akasema ni kweli, sikusema isipokuwa jagi.

Nimejitetea kwamba lile lilikuwa pambo. Charlotte akasema pambo linakaa ukutani. Kilicho chini ya kitenge ni cha wakwe. Na kwamba ndoa ya komuni, ile ya ofisi ya manispaa, ni mwezi wa tano, bado, na mjomba akianza kudai vitu vyake leo, kesho watasema Nadège anatoka katika familia ya watu wanaotoa kwa mkono wa kuume na kupokonya kwa wa kushoto. Mtoto ataibeba aibu hiyo kila Krismasi.

Ana haki. Inaniudhi sana akiwa na haki.

Nampenda Nadège. Alipokuwa mdogo alikuwa mtoto pekee niliyemruhusu kugusa vikombe.

Jumamosi, 22 Machi

Nimevitoa vikombe kwenye soksi na kuvirudisha rafuni. Vimezunguka nafasi tupu. Nimejaribu kuviweka mstari mmoja. Mbaya zaidi, vinafanana na watu wanaosubiri tramu. Nimevirudisha kama vilivyokuwa.

Sina hamu ya chakula. Uongo, nimekula. Lakini bila furaha.

Jumapili, 23 Machi

Leo Patrick ameleta vyombo vya Charlotte. Vimerudi vyote, vimesuguliwa, na kila kimoja kina kitu ndani, kama inavyopasa. Sufuria ya samaki ina mchele. Ya sombe ina sukari na majani ya chai. Ndoo ya mandazi ina viazi vitamu. Charlotte alifunua kifuniko kimoja kimoja huku akisema eh, eh, hawa ni watu.

Nilisubiri kwenye dirisha Patrick ashuke tena garini kuchukua kilichobaki. Hakukuwa na kilichobaki.

Nikauliza, kama mtu asiyejali: na jagi? Patrick akasema mama yake anamshukuru sana mjomba kwa zawadi ile.

Zawadi. Alipoondoka Charlotte akanifafanulia kama unavyomfafanulia mtoto. Chombo kilichokwenda na kitu ni sahani, kinarudi na kitu. Chombo kilichokwenda kitupu si sahani ya mtu, hicho chenyewe ndicho zawadi. Jagi lilikuwa tupu. Kungekuwa na karanga moja ndani, moja tu, leo lingekuwa mezani hapa.

Bila shaka lilikuwa tupu. Siweki kitu ndani ya vyombo vyangu. Hata ua. Hata penseli. Ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba hii na ni mimi niliyeitunga.

Halafu Charlotte akasema jambo ambalo halijaniondoka. Akasema kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu: "Mi naweza kusema kulikuwa sukari. Kidogo, chini. Banaweza kuwa bamemwanga bila kuona. Nani atajua?"

Nikamwambia ngoja nifikirie.

Sikusema hapana. Nimeandika hapa ili nione inavyofanana. Haipendezi.

Jumanne, 25 Machi

Sukari, sukari, sukari. Nimeitafakari kazini mchana kutwa. Kidogo tu, chini, vijiko viwili. Ingekuwa imeganda. Nimeshaanza hata kuamini kwamba ilikuwepo.

Lurdes amenipigia. Meza yangu ameiweka mbele, karibu na mlango. Watu wa Antwerp, wakusanyaji kama mimi, wanakuja kwa ajili ya jagi. Nimesema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ningemwambia. Sikumwambia. Woga mtupu.

Ijumaa, 28 Machi

Maman Henriette ametualika kesho, chakula cha mchana, Schaerbeek. Mimi, Georgette, Charlotte. Nimepiga pasi shati. Nikaharibu. Nikapiga lingine.

Jumamosi, 29 Machi

Tumekwenda kwa tramu. Charlotte alikaa kimya safari yote, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili zangu.

Nyumba ya Maman Henriette iko ghorofa ya pili, juu ya duka la Mturuki anayeuza mashuka. Safi. Bukari ya moto, ndiyo ugali wetu, kuku, sombe, pilipili ya kweli. Nilikaa nimelipa mgongo dirisha. Kosa. Georgette akaniambia geuka.

Jagi lilikuwa dirishani, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, peke yake. Hakuliwekea maua ya plastiki. Hakuliwekea miko. Tupu, limefutwa, mwanga wa Schaerbeek, ambao si mwingi, wote umelipata hilo. Mimi mwenyewe sijawahi kuliweka vizuri hivyo. Iliniuma, na papo hapo nilifurahi. Sijui nilifanya vyote viwili namna gani.

Maman Henriette aliona ninatazama. Akasema kila asubuhi anakunywa kahawa mbele yake. "Inapinda kidogo, unaona? Sawa muzee mwenye kutoka ku bar, lakini anajua njia." Na hapo akacheka. Yeye! Nilitaka kumkumbatia. Miaka yote hii nimetafuta neno la kulielezea hilo umbo na yeye analo.

Kisha akaweka kijiko chini.

"Papa Floribert. Maman Charlotte aliniambia ku téléphone mulikuwa sukari mu pichet. Mi sikuona sukari. Alors nakuuliza weye, njo mwenyewe. Mulikuwa kintu ndani?"

Charlotte alikuwa anatazama kuku. Georgette alinitazama mimi. Nadège na Patrick walikuwa wanatoka jikoni na maji, wakasimama.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema na jagi lingerudi Ixelles leo hii. Lilikuwa mbele yangu, ningeweza kuligusa.

"Hapana, maman," nikasema. "Ilikuwa vide. Mi siweka kintu ndani."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Hata kalanga?"

"Hata kalanga."

Akasema: "Bon." Akaniongezea kuku.

Halafu sijui nini kilinipata, ulimi ulifunguka. Nikawaeleza kila kitu. Kiwanda cha Caldas, vijana waliopewa udongo, mistari iliyokwaruzwa kabla ya kuchomwa. Nikawaambia rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, asije akatia juisi wala kitu chenye ndimu. Nikawaambia kuhusu vikombe sita na siku ya vyombo ya Jumamosi ijayo. Patrick alisinzia. Maman Henriette hakusinzia. Aliuliza kwa nini ndani ya vikombe ni njano. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Njiani kurudi Charlotte alinuna hadi Porte de Namur. Kisha akasema mimi ni kichwa ngumu kama baba. Nimelichukua kama sifa.

Jagi limekwenda. Imekwisha. Leo usingizi utakuja.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwambia Lurdes. Yote, na mlango niliofungua mwenyewe. Nilitegemea hasira. Alicheka mpaka akaegemea mashine ya kahawa, akawaita wateja wawili, akanilazimisha kurudia. Akasema Wareno nao wana bibi mmoja kila familia ambaye kitu kikifika kwake hakitoki. Kuhusu watu wa Antwerp, waone vikombe, wakikasirika wanunue kahawa.

Keki mbili.

Jumamosi, 5 Aprili

Bado nacheka, maandishi yatakuwa mabaya.

Ukumbi ulijaa. Wazee wa Kireno wenye masanduku, Wabelgiji wenye tochi ndogo za kuangalia nyufa, mama mmoja mwenye jogoo wa udongo mkubwa kama mbwa. Mimi mbele, karibu na mlango, na vikombe sita vikizunguka nafasi tupu. Watu wa Antwerp walikuja wawili, mume na mke, wamevaa makoti yanayofanana. Walitazama ile nafasi. Mume akauliza jagi liko wapi. Nikajibu kwamba limeolewa. Hakuelewa, nikamweleza, akamfasiria mkewe Kiholanzi, mke akasema "oh" kwa uchungu wa kweli. Nikampenda mama yule.

Ilikuwa karibu saa sita. Mlango ukafunguka. Nadège kwanza, kisha Patrick, kisha Charlotte na sura ya mtu asiyehusika. Kisha Maman Henriette, amevaa kitenge cha siku za misa kubwa, na jagi langu, jagi lake, jagi, amelibeba kwa mikono miwili mbele ya tumbo. Mdomo wa jagi umefunikwa na kitambaa kile cheupe.

Nasema kweli. Wenye tochi wakazima tochi.

Alikuja moja kwa moja mezani kwangu. Akaondoa kitambaa. Lilikuwa limejaa karanga za kukaanga, zenye chumvi, hadi shingoni.

"Ulisema habari ya risasi," akaniambia. "Donc sikuweka juisi."

Na kabla sijavuta pumzi akaliinamisha, akamimina. Karanga ndani ya kikombe cha kwanza! Zilianguka zikilia kwenye ule mng'aro wa njano, kra-kra-kra, mbele ya watu wote wanaojua thamani yake. Mtu wa Antwerp alishika mkono wa mkewe. Mimi nilishika meza. Kikombe cha pili. Cha tatu. Shingo ile iliyopinda ilikuwa inazileta karanga taratibu, bila kumwaga hata moja mezani, utafikiri ilikuwa kazi yake tangu siku ya kwanza. Cha sita ndicho chenye pengo mdomoni. Hicho alinipa mimi.

Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema kanisani, nami nikamfasiria Kifaransa kwa ajili ya ukumbi:

"Nilipokea pichet vide. Ilikuwa cadeau, na mi nilifurahi sana. Leo inarudia na kintu ndani. Alors haiko tena cadeau. Iko sahani. Na sahani, Papa Floribert, unajua njia yake."

Nilijua. Charlotte alijua, maana alipiga kigelegele kilichomwamsha padre. Jagi limerudi kwangu likiwa na kitu, kwa hiyo mimi nami nalazimika kulipeleka Schaerbeek na kitu. Na yeye atalirudisha na kitu. Na mimi tena. Hakuna anayeweza kulikatalia, hakuna anayeweza kulishika moja kwa moja. Mwanamke huyu alikaa wiki nzima mbele ya dirisha lake akaitengeneza hiyo, na kahawa mkononi.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Uliweza kunidanganya na sukari. Haukunidanganya."

Lurdes alikula wa kwanza. Alichukua kikombe kwa vidole viwili, akajimiminia karanga zote kinywani kama kijana wa shule, akatafuna, akaomba zaidi. Baada yake ukumbi mzima ukaja. Mama wa jogoo alikula. Padre alikula. Mume wa Antwerp alisimama mbali kwa muda, maskini, halafu mkewe akamletea kikombe, naye akala karanga moja, akakigeuza kikombe atazame kitako, na karanga zote zikamwagika kwenye viatu vyake. Hata yeye alicheka.

Nililia kidogo. Nilisema ni chumvi.

Jumapili, 6 Aprili

Jagi liko jikoni. Nilitaka kulipandisha rafuni, Georgette akakataa. Sahani ya watu haikai kabatini, inakaa mahali mtu anapoiona ili asisahau kuirudisha. Nimekunywa kahawa mbele yake. Kweli linapinda kama mzee wa baa.

Jumatano, 9 Aprili

Nitatia nini? Georgette anasema mchele. Mchele ni wa kila mtu. Dagaa watanukisha. Lurdes amependekeza lozi za Ureno zilizopakwa sukari. Nimesema sukari hapana, tafadhali, katika nyumba hii neno hilo lipumzike.

Nimeamua lozi zenyewe, kavu, za kukaanga. Nitakaanga mwenyewe. Georgette ameficha sufuria nzuri.

Jumamosi, 12 Aprili

Lozi ziko tayari. Bechi ya kwanza iliungua. Ya pili ni nzuri.

Kabla ya kujaza, nililisafisha. Vumbi la karanga na chumvi vilikuwa vimebaki chini, na kitambaa hakikufika. Nikatia mkono. Uliingia kwa shida hadi kwenye kifundo, na vidole vikafika kitakoni.

Huko ndani kuna mifereji. Myembamba, inazunguka, kutoka kitakoni hadi shingoni. Nje ni laini kabisa, hujui chochote. Siku zote nilidhani lilimiminwa katika kalibu kama vikombe. Sivyo. Mtu alilifinyanga kwa mkono, gurudumu likizunguka, kisha likiwa bado bichi akalisukuma kidogo ubavuni ili lipinde. Penye msukumo pana mashimo manne madogo upande wa ndani. Vidole vyake. Vyangu viliingia humohumo. Kimoja tu kilikuwa kikubwa kidogo.

Nilikaa hivyo, mkono ndani ya jagi, mpaka Georgette akauliza kama umekwama. Nikamwambia haujakwama.

Tumelijaza lozi. Nimelifunika na kitambaa cha Maman Henriette, kimefuliwa. Tutapanda tramu baada ya chakula. Nikifika nitamwambia naye atie mkono, wake ni mwembamba, utaingia wote.